Kreni Ndogo ya Bwana Malisa

Mkono wa Baba ulikuwa unanuka. Hilo ndilo linalonijia kwanza ninapoikumbuka masika ile, kabla hata ya mvua yenyewe: harufu ya dawa ya kidonda na bandeji iliyolowa usaha, ikichanganyika na harufu ya mpunga uliopata unyevu kwenye magunia pembeni mwa sebule. Nyumba yetu ya Viwanja Sitini, Ifakara, ilikuwa ya vyumba viwili, na madirisha tuliyafunga kwa ajili ya mbu, kwa hiyo harufu ile haikuwa na pa kwenda. Iliingia kwenye mashuka, ikaingia hadi kwenye uji. Mimi, Resti, binti wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi. Wakati wa kula nilikaa mlangoni nikisingizia joto, na Mama alijua.

Baba alikuwa mfunga mizigo. Kampuni moja ilikuwa inajenga ghala la mpunga kule Mchombe, na kazi yake ilikuwa kufunga vyuma vya paa kwenye ndoano ya kreni, kisha kumwongoza dereva kwa ishara za mikono mpaka chuma kifike mahali pake. Aliipenda kreni ile kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Jioni alinionyesha ishara zake uani, huku mdogo wangu Edo akitambaa miguuni petu: kidole juu ni pandisha, ngumi ni simama. Zaidi ya yote alipenda kueleza habari za miguu ya kreni, ile minne inayochomoza ubavuni ili gari lisipinduke linaponyanyua. Kila mguu, alisema, lazima ukanyage sahani pana ya chuma, hasa penye ardhi laini. Na pale Mchombe palikuwa shamba la mpunga juzi tu. Asubuhi ya ajali mvua ilikuwa imenyesha. Baba akauliza sahani ziko wapi, akajibiwa kwamba zimebaki stoo Ifakara na kazi haiwezi kusubiri. Mguu mmoja ukazama kwenye tope, kreni ikaegama, chuma kikashukia mkono wake wa kushoto. Hospitali walimkata vidole vitatu.

Wiki kama tatu baadaye akaja Bwana Malisa, msimamizi wa ujenzi, yule yule aliyesema kazi haiwezi kusubiri. Alikuwa mdogo kuliko Baba, na aliingia ameinama, "Shikamoo, mzee," kwa heshima zote. Mama akachinja kuku, maana mgeni ni mgeni. Namkumbuka alivyokula. Alivunja mifupa kwa meno, akafyonza uboho kwa sauti, akalamba vidole vyake vyote kumi kimoja kimoja, na mbele yake Baba alikuwa akihangaika na kipande cha paja asichoweza kukishika. Hakuuliza mkono unaendeleaje. Alipomaliza alinawa, akajichokonoa meno, ndipo akafungua boksi alilokuja nalo.

Ndani yake mlikuwa na kreni. Ilikuwa ya njano, ndefu kama mkate, sawasawa na ile ya Mchombe mpaka vioo vya pembeni. Magurudumu yalikuwa ya mpira wa kweli, mlango wa dereva ulifunguka, na ndoano ilining'inia kwenye waya mwembamba kama uzi wa cherehani.

"Hiki si kitu cha kuchezea," alisema. "Wazungu wanakiweka kwenye kabati la vioo. Zimetengenezwa chache, na kila moja ina namba yake chini. Nimekaa nayo miaka, sijaigusa ovyo. Nikasema, nani atajua thamani yake kama si Mzee Damiani? Ikague mwenyewe. Ni yako."

Kisha akatoa karatasi na kalamu. Karatasi ilisema kwamba kreni ilikuwa imesimamishwa ipasavyo, na kwamba Damiani alisimama mahali ambapo hakutumwa. "Ni utaratibu tu wa ofisi, mzee. Hapo chini."

Hapa nimekuwa nikiparuka kila ninaposimulia habari hii, na leo siparuki. Niliitaka kreni ile. Niliitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni, nikawaona watoto wa mtaani wamejipanga mlangoni kwetu. Kutoka pale nilipokaa nikasema, "Baba, si usaini tu?"

Baba alinitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akaivuta kreni kwake kwa mkono mzima, akaanza kuikagua. Aliurefusha mkono wa kreni kipande kwa kipande, akaurudisha. Akaufuata waya kwa ukucha, kuanzia kwenye ngoma unakozungushiwa hadi kwenye ndoano. "Umepita sawasawa," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikaisikia sauti yake ya kazini. "Aliyeitengeneza hii anaijua kreni." Bwana Malisa akatabasamu. Baba akachomoa miguu, mmoja mmoja, kisha akatikisa boksi. Sahani nne zikadondoka juu ya meza, kila moja kama kifungo cha shati.

Alizihesabu kwa kidole: nne.

"Mama Resti," akamwambia Mama, "naomba tope kwenye sinia."

Mama alikwenda kwenye mtaro, akarudi na sinia lile lile alilopakulia wali, sasa limejaa tope jeusi, akalitua mezani juu ya mifupa ya kuku. Bwana Malisa akarudisha kiti nyuma. Baba akaisimamisha kreni juu ya tope, sahani nne chini ya miguu minne, akatundika kufuli la mlango kwenye ndoano. Ikasimama. Akachomoa sahani moja. Mguu ukazama taratibu, gari likaegama, kufuli likaangukia topeni, na kreni ikalala ubavu.

"Ilikuwa hivyo," Baba akasema. "Andika hivyo, nitasaini."

Bwana Malisa aliruka, lakini hakurukia karatasi. Aliinyakua kreni, tope likamwagika sakafuni, akaanza kuifuta kwa leso, akipuliza kwenye madirisha, akihesabu. "Ya nne iko wapi? Jamani, sahani ya nne! Hii bila zote nne si kitu!" Akapiga magoti kwenye sakafu yetu, akatumbukiza vidole kwenye tope lililomwagika, akalichambua kama mtu anayechambua mchele, akiniambia niinue mkeka, niangalie chini ya kiti. Mama alisimama juu yake na kanga yake kiunoni, hakumsaidia. Alipoipata aliisugua kwenye suruali yake, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Akaondoka na boksi lake bila kuaga.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamtapika yule kuku mzima. Bwana Malisa alinitia kinyaa, lakini haikuwa yeye peke yake.

Karatasi ilisainiwa na mwingine. Dereva wa kreni, rafiki wa Baba, aliapa kwamba Baba alisimama vibaya, na Baba hakupata fidia wala hakuitwa tena kazini. Alijifunza kupanda mpunga kwa mkono mmoja na vidole viwili. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba radhi kwa maneno yale ya mlangoni. Akacheka. "Hata mimi niliitaka," akasema. "Ilikuwa nzuri mno."

Ghala lipo hadi leo, napita mbele yake nikienda Mlimba. Siku hizi kwenye maeneo ya ujenzi wafanyakazi wanavaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, na getini pana bango la usalama lenye picha. Watu huniambia mambo yamebadilika. Ni kweli, yamebadilika: siku hizi hakuna anayekuja kula kuku wako kwanza. Masika iliyopita Edo alipata kazi ya kujenga kinu cha mpunga upande wa Lupiro, na siku ya kwanza kabisa, kabla hajashika hata chepeo, alipewa karatasi ya kukubali kwamba lolote litakalompata ni juu yake. Aliileta nyumbani. Nilimwambia asisaini. Akanijibu bila hasira, "Dada, nje ya geti kuna watu wanaisubiri karatasi hii hii." Akasaini akiwa amesimama, ameiegemeza karatasi ukutani.

Baba alikuwa pale, akitusikiliza. Kisha akamuuliza Edo swali moja tu: ardhi ya pale ikoje. Edo akasema hajaangalia. Basi mzee akainuka, akavaa mabuti yake ya shambani, akatoa baiskeli, akaenda kuiangalia mwenyewe.