Kimo cha Paa Kinaanzia Wapi

Programu ninayochorea mapaa ilitengenezwa na watu wenye akili nyingi mno. Kila nikianza kazi mpya inaniuliza theluji ya mahali hapa huwa na uzito gani. Theluji, Dodoma! Nikishaiandikia sifuri inahamia kwenye vipimo, na hapo ndipo unapojua kwamba aliyeitengeneza hana chungu jikoni kinachomsubiri. Vipimo vionekane kwa milimita, kwa mita au kwa futi? Tarakimu ngapi baada ya nukta? Mishale iwe na ncha nyeusi au nyeupe? Maandishi yakae juu ya mstari au katikati yake? Mimi hubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekubali masharti ya mkopo wa simu, kisha nachora. Mafundi wangu wenyewe hawana haja na tarakimu nne baada ya nukta. Mbao wanakata kwa msumeno, si kwa wembe.

Kati ya maswali hayo lipo moja dogo limejibanza chini kabisa: kimo cha paa kionyeshwe kuanzia wapi? Kuanzia mtambaapanya, ule ubao wa juu ya ukuta unaobeba kenchi, au kuanzia sakafuni? Mimi nilikuwa nimechagua mtambaapanya tangu zamani. Siku moja programu ikajisasisha yenyewe, ikaona nimekosea, ikanichagulia sakafu. Haikuniambia. Sijui nilitegemea nini, kwa sababu hata mume wangu huwa haniambii.

Huyo mume wangu ana kaka yake mkubwa. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule akaenda Bahi kulima mpunga, na mpunga huo ndio uliomsomesha mume wangu hadi chuo. Baadaye alipopata kiwanja Mkonze alikikata katikati kwa mdomo tu, tukiwa tunakula, akasema, "Jengeni hapo, tuwe tunaonana milangoni." Hakuna mtu aliyewahi kunitendea wema mkubwa kama ule, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Tumepanga Nkuhungu tangu tuoane, kwa mwenye nyumba anayejua mboga yetu ya leo kabla mimi sijaijua. Kwa hiyo boma letu la Mkonze, kuta tupu bila paa, nilikuwa nikilitazama kama watu wengine wanavyotazama picha ya harusi yao.

Sasa, Dodoma ya siku hizi mtu hajengi nyumba. Anajenga paa, halafu anaweka nyumba chini yake ili lisidondoke. Naijua kazi yangu na naujua ukoo nilioolewa, kwa hiyo mapaa yote mawili, la shemeji na letu, niliyachora kimo kimoja, mita mbili na sentimita sitini juu ya ukuta. La shemeji likapauliwa kwanza, kama inavyostahili. Nikajiona mjanja kweli.

Basi shemeji akaja ofisini kuchukua nakala ya mchoro wake ampelekee fundi wa mifereji. Kwa kawaida akiniona huanza na "Mbukwa, shemeji!" hadi ofisi nzima igeuke, halafu anicheke ninavyoitikia, kwa kuwa mimi Mrangi wa Kondoa na Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Siku hiyo alisalimia hivyo hivyo. Nikampa mchoro wake wa zamani, umeandikwa kimo cha paa 2.60. Mezani, jirani kabisa na mkono wake, ulikuwepo mchoro wetu mpya, umeandikwa kimo cha paa 5.60, na mita tatu za ukuta zimo humo humo.

"Hili ni lenu?" akauliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Sawa." Akakunja karatasi yake akaondoka.

Jioni fundi wetu akapiga simu. Shemeji amepita kwenye boma, amesema ngazi zishuke, hakuna kenchi itakayopanda kwenye kiwanja chake bila yeye kujua. Kiwanja chake! Nikakaa chini. Kweli ni chake, karatasi zote zina jina lake. Mbao zetu zilikuwa juani zinaanza kupinda, na mawingu ya Desemba yameshaanza kujikusanya upande wa Bahi.

"Kaka atatulia tu," mume wangu akasema, akaendelea kutazama mpira.

Kaka hakutulia. Nilipokutana naye sokoni aliniambia, "Habari za kazi." Jamani, habari za kazi! Mtu aliyebeba wanangu mgongoni ananisalimia kama karani wa benki. Niliumia kuliko kama angenitukana.

Nikarudi kwa wale wenye akili nyingi. Nilifungua mipangilio ya vipimo nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza maishani, kama mwanafunzi anayekesha na mtihani. Nikarudisha kimo kianzie mtambaapanya kwenye michoro yote miwili, ikatoka 2.60 na 2.60. Halafu nikawaza, mkubwa na mdogo kulingana, huo nao si ugomvi? Kumbe ipo njia ya tatu. Unachagua alama moja kwa nyumba zote, mimi nikachagua kigingi cha barabarani. Kiwanja kina mteremko na shemeji yuko upande wa juu, kwa hiyo paa lake likatoka linazidi letu kwa sentimita arobaini. Nikakuza maandishi, nikayatia wekundu, nikapanda bodaboda hadi Mkonze.

Shemeji aliisoma ile karatasi juu hadi chini. "Nani kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe, shemeji."

"Nimeona. Ahsante kwa karatasi." Akanirudishia.

Nyumbani mume wangu akaiokota mezani. "Kumbe sisi ndio wa chini?" akauliza, na uso umemvimba.

Hapo nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kisha nikamuuliza, "Wewe umewahi kwenda kumwambia kaka yako kwamba tunapaua?"

"Si anaona? Boma liko mlangoni kwake."

"Sijauliza kama anaona. Umemwambia?"

Akazima televisheni. Huyu ni mtu aliyesomeshwa kwa mpunga.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda wote wawili. Shemeji alikuwa uani anafunga waya kwenye banda la kuku, na hakuinua kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kaka, nimekuja kukuambia tunataka kupaua."

Waya ukasimama. "Nimeshajua," shemeji akasema. "Nilijua kwa fundi, nikajua kwa karatasi ya ofisini, nikajua kwa mkeo aliyekuja na bodaboda. Nilikuwa nasubiri nijue kwako." Akaweka waya chini. "Paa la kwanza la mdogo wangu, mimi nasoma mezani kama mpita njia?"

Mume wangu alijaribu kusema nisamehe, likatoka nusu. Nikatazama kuku, maana na mimi machozi yalishafika. Kwenye ile mipangilio yote nilikuwa nimetafuta kila kitu, kasoro hicho.

Shemeji akajifuta mikono, akanigeukia. "Mbukwa, shemeji!"

Nikaitikia vibaya kama kawaida yangu. Akacheka, nami nikacheka huku nalia.

"Ile karatasi yako yenye maandishi mekundu unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye pochi. Akainyoosha juu ya banda la kuku, akaweka kidole kwenye zile sentimita arobaini.

"Mbona paa lenu fupi?"

"Si fupi, shemeji, ni sawa na lako, ila huo mteremko..."

"Fupi. Watu wakipita barabarani watasema nimempa mdogo wangu kiwanja halafu nikamnyima paa. Lipandishe, yalingane."

"Shemeji, kenchi zote nichore upya? Na mvua hii inakuja?"

"Kwani kompyuta inanyeshewa?"

Mume wangu, ambaye tangu aseme tunapaua alikuwa hajamaliza sentensi nyingine, akasema, "Kaka amesema vizuri." Nikamtazama, nikanyamaza, kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

Jumatatu asubuhi nikawasha kompyuta, ikaniuliza kuhusu theluji. Nikaandika sifuri, nikapandisha paa letu sentimita arobaini, nikapima yote mawili kuanzia kigingi cha barabarani. Kesho yake shemeji ndiye aliyeshika ngazi kenchi ya kwanza ikipanda.