Pijo, Landrova na Mbuga Nyeusi

Enzi zetu, hakuna aliyelisifu gari kabla hajaliona masika. Nalazimika kuyaandika haya kwa sababu vijana wa leo, wakiwa wamejikunyata na simu zao, hudai kwamba Pijo 404 iliizidi Landrova kwa kila kipimo. Si kweli, na kumbukumbu ziwekwe sawa. Injini ya Pijo ilikuwa ya lita moja nukta sita, ya Landrova lita mbili na robo. Pijo ilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma; Landrova ilijivuta kwa yote manne. Kwa mwendo tu, nakiri, Landrova haikufua dafu.

Nilikuwa darasa la tatu mama aliposhikwa na uchungu wa kujifungua. Alihangaika tangu alfajiri, na hospitali ilikuwa mbali, Ushirombo. Mzee Salum mwenye duka alileta Pijo yake. Bwana Shamba akaleta Landrova ya kazi. Wakabishana uani, mama akiugulia ndani.

"Hii inakwenda mia na arobaini kwa saa!" alisema Mzee Salum.

"Kwenye lami ya wapi, mzee wangu? Ya Dar es Salaam?"

Bibi, mama mzaa mama, alikata shauri: Pijo, kwa kuwa viti vyake ni laini. Baba hakupanda. Kwetu Usukumani mwanamume hakuketi karibu na mama mkwe wake, wala kumtazama usoni. Akafuata kwa Landrova. Mimi nilikipakata kichwa cha mama.

Pijo ikaruka kama mshale, Landrova ikapotea nyuma yetu. Kisha tukaingia mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaonata, gari likazama hadi tumboni. Mzee Salum alikanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka bure. Nilitega sikio niisikie Landrova, nisisikie kitu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mama aliacha kulia.

Landrova ilifika taratibu, mnyororo ukafungwa, lakini Pijo haikung'oka. Ilihitaji kusukumwa, na bibi alikuwa ameshashuka, yuko nyuma yake. Baba alisimama kando ya njia, macho chini, kama aliyefungwa miguu.

"Baba Kabula!" bibi alimwita kwa jina langu. "Mimi sikuoni, nawe hunioni. Weka bega hapa!"

Wakasukuma bega kwa bega, mmoja akitazama mashariki, mwingine magharibi, tope likiwarukia. Pijo ikachomoka. Jioni hiyo mdogo wangu alizaliwa, na mama akapona. Kesho yake, baba alipomwona bibi akija wodini, alizunguka nyuma ya jengo ili kumpisha.

Siku hizi njia ile ni lami tupu, kigari chochote hupita, na wakwe hupiga picha wakiwa wamekumbatiana. Sina ugomvi nao. Ila nikizitazama picha hizo, huwakumbuka wale wawili, waliojaa tope hadi masikioni, ambao hata katika hofu ile hawakukubali kuvunjiana heshima.