Rangi ya Rupia ya Babu

Babu mzaa mama aliwabebea Waingereza mizigo katika vita vya kwanza, na alichorudi nacho ni kikohozi na rupia moja ya fedha. Mama aliirithi. Kwetu, mtaani Tena, ilikaa ndani ya bahasha ya kaki, chini ya sanduku la nguo, na kwa miaka ile yote ilikuwa imejifanyia rangi yake: samawati katikati, zambarau, kisha dhahabu ukingoni, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

Dada yangu alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, karo hatukuwa nayo. Mama akaipeleka rupia kwa muuza sarafu mmoja mjini, mzee wa Kihindi. Aliigeuzageuza chini ya taa, akataja bei iliyotosha karo ya mwaka wa kwanza, akasema airudishe Jumatatu, atakuwa na pesa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikawaka.

"Mtu hampelekei mnunuzi kitu kichafu," alisema. Hakuna aliyemzuia. Bado naumia nikikumbuka alivyofurahi.

Jumatatu nilimsindikiza. Mzee aliitazama kwa muda, kisha akaiweka kwenye mizani.

"Sasa ni fedha ya kuyeyusha tu, mama. Ile rangi iliwekwa na hewa na karatasi, polepole. Wanunuzi wangu hulipia hiyo, maana inaonyesha hakuna aliyeigusa. Sasa imekwaruzika."

"Si itarudi?"

"Itarudi. Lakini si katika uhai wako wala wangu."

Sijamsamehe yule mzee. Neno moja tu, usiioshe, lingemgharimu nini?

Mama hakuiuza. Dada aliajiriwa katika kiwanda cha biskuti, na kila Jumapili mama aliifungua bahasha, akaielekeza rupia dirishani, akaifunga tena.

Alipougua ugonjwa uliomchukua, macho yake yalikuwa yamefifia. Dada alikuwa ametoka kazini, unga bado kwenye mikono ya koti, mama alipomwomba alete ile bahasha.

"Imeanza kurudi?"

Dada aliitazama. Ilikuwa nyeupe kama kifuniko cha sufuria.

"Imerudi, mama. Hata ile dhahabu ya ukingoni."

Mama akamshika mkono.

"Basi Jumatatu uende chuo."