Chai ya Alfajiri ya Mama Felista

Hapa kwetu Suma ukimsifia mama mkwe wako watu wanadhani kakupa ng'ombe. Mimi sikupewa ng'ombe. Nilipewa chai, na chai hiyo nusura initoe kwenye ndoa, lakini namsifia hivyohivyo na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Jina lake Felista, mjane, anayekamua ng'ombe wake kabla hakujapambazuka. Nilipoolewa na mwanawe Wilson nilikuwa mtu wa shamba hasa. Mwaka wa pili mwili ukanigomea. Uso ukavimba, sauti ikakwaruza, baridi ikanishika hata juani, na jembe likawa zito kama gogo. Wifi yangu Beatrice alisema nimenenepa kwa uvivu, akamtaka kaka yake anirudishe kwetu Lupepo. Wilson hakukubali, ila hakukataa pia, na hilo liliniuma mno.

Felista ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilipimwa damu, daktari akasema tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku, pengine maisha yangu yote. Hapo maneno ndiyo yakaanza! Kidonge cha kila siku? Basi kijiji kizima kikajua naumwa nini, bila kupima wala kuniuliza. Beatrice akaongeza kwamba dawa za homoni zinafunga kizazi. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Lilian anaumwa tezi. Wewe unaumwa mdomo."

Kila alfajiri alinigongea mlango. "Ugonile, mwanangu," ndiyo salamu yake, na mkononi kikombe cha chai nzito ya maziwa, kwa sababu kwake mgonjwa kumezea dawa maji matupu ni kumnyanyasa. Nilimeza bila kukosa. Miezi ikapita, nafuu sikuiona. Nikamwambia Wilson dawa hizi ni uongo mtupu, nazitupa chooni, na kama ni kurudishwa kwetu, nirudishwe tu.

Felista akaniomba turudi kwanza kwa daktari. Vipimo vilikuwa vibaya vilevile. Daktari akauliza dawa naimeza vipi, nikamweleza. Akasema kwa upole kwamba maziwa yanaizuia isiingie vizuri mwilini. Nimezee maji, tumbo likiwa tupu, na chai isubiri saa nzima. Felista akainamisha kichwa. Njia nzima niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa ajili yangu.

Kesho yake hodi ikabishwa kama kawaida. Safari hii kikombe kilikuwa na maji ya vuguvugu. Nilimeza, tukakaa jikoni, chai iko pembeni ya moto na harufu yake inatutesa wote wawili. Nikamwambia yeye anywe, mgonjwa ni mimi.

"Tulikosea pamoja," akasema. "Tutasubiri pamoja."

Nafuu ilikuja polepole, ikaja kweli. Sasa napalilia migomba yangu, na Beatrice naye ananiita nikamsaidie ya kwake, bila hata aibu. Naenda, ila namtania mpaka anakasirika. Wilson hazungumzii tena habari za Lupepo. Vidonge bado nameza. Na mpaka leo, kwenye baridi yote hii ya Rungwe, mama huyu hajawahi kuonja chai kabla saa yangu ya kusubiri haijaisha.