Jina la Kashaija kwenye Mstari Ule

Mzee Kashaija wa Nshamba alikuwa na kiburi cha kitu kimoja tu, programu ya miche, na kilimtosha. Aliiandika mwenyewe kwa Visual Basic ya zamani, lugha ya kuundia programu, ile ya kwenye CD. Kwa miaka ishirini ndiyo iliyokiambia kitalu cha kikundi chao cha wakulima ni vibanja gani vina migomba mizima ya kuchukulia machipukizi, na vipi vina ugonjwa wa mnyauko, viachwe.

Nuriat, binti wa Bukoba mjini aliyeajiriwa kumsaidia, alikuja na Git, chombo cha kando kinachotunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani, lini, mstari upi. Visual Basic ile haikuwa na habari nacho, kwa hiyo kila jioni Nuriat aliifunga kwanza, ndipo akahifadhi kazi ya siku, yake kwa jina lake na ya mzee kwa jina la mzee. Mzee hakutaka hata kukigusa. "Programu yangu ninayo kichwani," alikuwa akisema. Kichwa chenyewe kilikuwa na miaka sitini na nane, lakini nani angethubutu kumwambia?

Kisha akaja Mama Agnetha, mkulima wa Muleba, analia. "Waitu, jamani, kibanja chote kimenyauka! Miche mliyonipa ilikuwa migonjwa!" Wengine kumi na mmoja wakafuata. Programu ilikuwa imevipitisha vibanja vyenye ugonjwa. Kwenye kikao cha kikundi Kashaija hakusita: aliyeiharibu ni Nuriat. Binti akaomba wafungue Git.

"Hayo mambo yako ya pembeni hayahusiki," mzee akamkatiza.

Nuriat akaachishwa kazi siku hiyohiyo, akachukua kikombe chake cha chai na kuondoka.

Asubuhi iliyofuata Kashaija akafuata karatasi ya maelekezo aliyoibandika Nuriat ukutani, akaifungua Git aione siku binti alipoharibu. Akaiona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nuriat alikuwa ameandika: "Kashaija. Ameondoa mstari unaozuia vibanja vyenye mnyauko, kwa majaribio. Nimkumbushe aurudishe."

Siku mbili mbele: "Nuriat. Nimerekebisha fomu. Mzee nimemkumbusha, amesema nisimfundishe kazi."

Mzee akakumbuka. Alisema hivyo! Alikuwa anatafuna kahawa, hata hakugeuka kumtazama. Mungu wangu, amemfukuza mtoto wa watu kwa kosa lake mwenyewe.

Akaurudisha mstari. Ila kuhifadhi hakujua, maana karatasi ilieleza kusoma tu. Akapiga simu.

"Nuriat, mwana wange. Nataka niandike humo kwamba kosa ni langu, kikao kizima kisome. Sijui linaandikwaje."

"Funga Visual Basic kwanza, Mzee," Nuriat akasema. "Halafu anza na jina lako."