Siku Mama Alipovua Viatu vya Kliniki

Jumanne. Ukungu umekaa hapa Kihesa mpaka saa tano, halafu manyunyu.

Shangazi amekuja na tenga la nyanya, na ile harufu ya majani yake imenirudisha utotoni. Siku ile mama alikuwa ameshavaa viatu aende kupimwa macho. Alikuwa na sukari, na nesi alimwambia mwenye sukari apimwe kila mwaka hata kama anaona vizuri, maana macho huharibika bila kuuma. Shangazi akacheka, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa nyanya.

"Wifi, wewe unaona mpaka sisimizi! Unakwenda kupima macho gani? Gari linasubiri nyanya."

Mama akavua viatu, akaenda kuchuma. Hakwenda tena kliniki. Sasa haoni kabisa.

Labda namwonea shangazi. Hakujua, na mama alikuwa mtu mzima, angeweza kukataa. Lakini sijamsamehe, na sitaandika uongo humu.

Sasa shangazi naye ana sukari. Leo ameniambia, "Mwanangu, hiyo kliniki ya macho ya kesho naiacha. Mbona naona vizuri?"

Jibu lilikuwa mdomoni: basi iache. Nikalimeza.

"Nitakupeleka mwenyewe, shangazi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Asinibariki. Nataka macho yake yadumu. Jioni tumekula ugali na majani ya maboga, shangazi nimemketisha mbele ya mama, amwone anavyopapasa kutafuta bakuli.