Ulimbo kwenye Ungo wa Bibi

Nikipasua fenesi siku hizi, hupaka mafuta kisu na mikono yote miwili, mpaka viwikoni. Wanangu hunicheka. Harufu ile ya utomvu hawana habari nayo.

Kila asubuhi Bibi alipomaliza kupepeta mchele, chenga alizimwaga kwenye ungo mkuukuu juu ya ukuta wa uani. Tetere walishuka kwa fujo, nami niliwatazama kupitia dirisha la jikoni. Siku moja nikataka mmoja awe wangu. Nikakusanya ulimbo wa fenesi, nikaupaka kwenye ukingo wa ungo.

Walinasa watatu. Walipiga mabawa, wakalia, na vilio vikawaita kunguru. Kunguru wala hawakuwa na haraka. Walianza na macho. Nilitoka na ufagio nikipiga ovyo. Nikampiga tetere, shingo ikalegea. Mwingine alijing'oa akaruka, mguu wake ukabaki umeganda ungoni.

Bibi akatoka. Wa tatu hakuwa na macho tena. Alimsomea bismillahi, akamchinja, akanawa mikono kwa sabuni, akanigeukia.

"Nani kaweka ulimbo?"

"Sijui, Bibi. Wallahi sijui."

Alijifuta mikono kwa kanga.

"Leo hujaniamkia," akasema, akanyoosha mkono.

Nilikuwa sina pa kukimbilia. Nikampa wangu. "Shikamoo, Bibi."

Viganja vyetu vikagandana. Alipouvuta mkono wake, ngozi yangu ilivutika nao.

Hakuitikia. Marahaba ya mwisho niliyoisikia kinywani mwake ilikuwa ya jana yake.